Mgeni ni Kuku Mweupe



Wazee walinena ya kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kuku wengi wachakurapo uani, hapana awaangaliaye mmoja mmoja. Lakini yule mweupe huonekana tangu mbali, na mwewe naye humwona kwanza. Leo twataka kulieleza neno hili kwa habari moja tu, nayo ni habari ya siasa. Mtu akaaye katika nchi isiyo yake aenende vipi wakati wenyeji wanaposhindania uongozi wa nchi yao?

Msidhani ya kuwa jambo hili ni la mabalozi na wakubwa peke yao. Yuko kijana aliyekwenda kusoma Uingereza. Yuko binti wa pwani afanyaye kazi ya nyumbani Maskati. Yuko dereva wa lori atokaye Mombasa akapita Uganda na Rwanda hata Kongo, akilala njiani siku nyingi. Yuko mfanya biashara wa Kigoma aliyefungua duka Bujumbura, na yuko mkimbizi aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni. Hawa wote ni wageni, na kila mmoja wao, mapema au baadaye, ataulizwa swali lile lile: "Je, wewe u upande gani?" Jibu atakalotoa laweza kumwachia kazi yake na usalama wake, au laweza kumwondolea vyote viwili.

Kwanza yatupasa kueleza maana. Kutoegemea upande si kuwa bubu, wala si kutojali. Maana yake ni kwamba mgeni hajitii katika kushindania madaraka: hamfanyii kampeni mgombea yeyote, hatoi fedha kwa chama, hachukui bendera ya watu wanaopingana na wenzao, wala hamwambii mwenyeji amchague nani. Moyoni mwake aweza kumpenda huyu kuliko yule, maana hapana sheria ya kuufunga moyo. Lakini mkono wake hauutii katika mizani. Tazameni sokoni: muuzaji na mnunuzi wakipima nafaka, mtu wa tatu apitaye njia akitia kidole katika mizani, wote wawili watamgeukia, hata yule aliyependelewa.

Sasa tutawasimulia habari mbili za kweli, zote za nchi ya Marekani, ili muone jinsi jambo hili lilivyowapata hata watu wenye elimu na cheo.

Mwaka 1793 nchi ya Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza. Wafaransa walimtuma Marekani mjumbe wao, jina lake Edmond-Charles Genêt, naye alishuka pwani katika mji wa Charleston mwezi wa Aprili. Watu wengi walimlaki kwa shangwe, kwa kuwa Ufaransa iliwasaidia Wamarekani walipopigania uhuru wao. Lakini Rais George Washington alikuwa na nchi changa, haina nguvu ya kupigana vita vya Ulaya, na mwezi ule ule akatangaza ya kwamba Marekani haitakuwa upande wowote. Genêt hakulijali tangazo lile. Alitoa hati za kuzipa meli ruhusa ya kuwinda meli za Waingereza, akaandikisha watu katika bandari za nchi isiyo yake, na alipokatazwa, akatisha kwamba atamruka Rais na kuwaendea wananchi wenyewe.

Alizihesabu shangwe za barabarani kuwa ni mamlaka. Wenyeji waliompigia makofi jana walianza kuona haya, maana mgombane nyumbani mgombanavyo, akija mtu wa nje akamtukana baba mbele yenu, hamtapendezwa. Mwezi wa Agosti serikali ya Washington iliamua kuiambia Ufaransa imwite arudi kwao. Wakati huo kule kwao utawala ulikwisha kubadilika, na mjumbe mpya akaja na amri ya kumkamata. Genêt akajua ya kuwa kurudi ni kifo. Basi Washington, yule yule aliyesumbuliwa naye, alikataa kumtoa, akamwachia akae kwa amani. Genêt alimwoa binti wa gavana wa New York, akawa mkulima, akafa huko mwaka 1834. Alipoacha kuwatawala wenyeji, wenyeji wakampa mahali.

Habari ya pili ni ya mwaka 1888, nayo ni ya mtu mpole, wala si mtu wa makelele. Lionel Sackville-West alikuwa mjumbe wa Uingereza huko Washington. Uchaguzi wa Rais ulikuwa karibu, na Rais Grover Cleveland alitaka kuchaguliwa tena. Mjumbe huyu akapokea barua kutoka California. Mwandishi alijiita Charles Murchison, akasema kwamba yeye ni mzaliwa wa Uingereza aliyepata uraia wa Marekani, na kwamba amekuja kuomba shauri la siri: ampigie nani kura, ili nchi ya wazazi wake ipate faida? Mjumbe akajibu kwa adabu, na kwa maneno ya kuzunguka akaonyesha ya kuwa Cleveland ndiye afadhali kwa Uingereza.

Kumbe hapakuwa na mtu aitwaye Murchison. Barua iliandikwa na mtu wa chama kilichompinga Cleveland, na jibu lile likatiwa katika magazeti mwezi wa Oktoba, siku chache kabla ya kura. Watu wengi wenye asili ya Ireland, ambao hawakuipenda serikali ya Uingereza, wakasoma ya kwamba Cleveland ndiye mtu wa Waingereza. Cleveland akakasirika, akamfukuza mjumbe. Mwezi wa Novemba Cleveland akashindwa na Benjamin Harrison. Hatusemi kwamba barua moja ndiyo iliyomwangusha, kwa maana uchaguzi una sababu nyingi. Lakini tazameni: mgeni alitaka kumfaa rafiki yake kwa maneno machache ya faragha, akamdhuru rafiki, akajidhuru na nafsi yake.

Katika habari hizi mbili twaona jambo moja. Neno la mgeni halibaki kuwa neno la mtu mmoja. Mwenyeji akisema, "Nampenda fulani," watu husikia maoni ya Juma au ya Asha. Mgeni akisema maneno hayo hayo, watu husikia sauti ya nchi nzima aliyotoka. Ndiyo maana ya kuku mweupe.

Twaweza kuuliza: je, ni haki mgeni akae kando, naye analipa kodi, anafanya kazi, na watoto wake wanasoma katika shule za nchi ile? Swali hili ni jema, na tutalirudia. Lakini kwanza tutoe sababu tatu za kumkalisha kando.

Sababu ya kwanza ni ujuzi. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mgeni huona ugomvi wa leo, haoni shina lake. Huenda watu wawili wanaobishana leo juu ya daraja au juu ya bei ya pamba, babu zao waligombea shamba, na jina la chama ni vazi tu la ugomvi wa zamani. Wala hajui ni wapi watakapopatana. Wahenga wamesema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Aliyeingia kati ya ndugu atabaki adui wa mmoja wao siku watakayokula pamoja, na pengine adui wa wote wawili.

Sababu ya pili ni matokeo. Mambo yakiharibika, mgeni aweza kufunga mizigo akaenda kwao. Mwenyeji hana pa kwenda. Haifai mtu kuchochea moto katika nyumba ambayo yeye mwenyewe ana mlango wa kutokea na wenzake hawana.

Sababu ya tatu ni wenzake. Kosa la mgeni mmoja huandikwa juu ya wageni wote. Mwaka 1969 wafanya biashara na vibarua wengi wa kutoka Nigeria, Togo, Niger na nchi iitwayo sasa Burkina Faso walikuwa wakikaa Ghana. Kazi zilipokuwa chache na watu wakanung'unika, serikali ya Ghana ilitoa amri tarehe 18 Novemba ya kwamba kila mgeni asiye na kibali cha kukaa akipate kwa muda wa majuma mawili, au aondoke. Watu wengi sana waliondoka kwa miguu na kwa magari, wakaacha maduka na mashamba. Wengi wao hawakutia neno lolote katika siasa. Basi twajifunza ya kuwa kukaa kando si ngao ya kuzuia kila mshale. Siku ngumu zikija, wasio na kosa nao huumia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mgeni mwenye busara hawapi watu fimbo ya kuwapigia wenzake, na hati zake za kukaa huziweka sawa tangu siku za raha.

Sasa tutazame sheria. Mataifa yalipatana huko Vienna mwaka 1961 juu ya kazi ya mabalozi, na mapatano hayo yasema wazi kwamba balozi ni lazima azitii sheria za nchi aliyopokewa, wala asijiingize katika mambo yake ya ndani. Kwa upande wa wakimbizi, nchi za Afrika zilipatana Addis Ababa mwaka 1969. Mapatano hayo yampa mkimbizi hifadhi, na kumpa hifadhi hakuhesabiwi kuwa ni uadui kwa nchi aliyotoka. Lakini naye mkimbizi ana wajibu: azitii sheria za nchi iliyompokea, asifanye njama dhidi ya nchi yoyote ya umoja ule. Tena nchi iliyompokea imeahidi kumzuia asiishambulie nchi nyingine, iwe kwa silaha, au kwa magazeti, au kwa redio. Sikieni jinsi maneno yalivyowekwa sawasawa na bunduki, maana walioandika mapatano yale walijua ya kuwa maneno huua.

Sheria nayo humlinda mgeni. Hati ya Afrika ya haki za binadamu, iliyokubaliwa mwaka 1981, yasema kwamba mgeni aliyeingia kwa halali hafukuzwi ila kwa uamuzi ulio katika sheria, na kwamba ni marufuku kuwafukuza wageni kwa makundi kwa ajili ya taifa lao, kabila lao au dini yao. Kwa hiyo mgeni ana wajibu, na mwenyeji ana wajibu wake.

Tena sheria si moja kila mahali. Huko New Zealand, tangu mwaka 1975, mgeni mwenye ruhusa ya kukaa daima aweza kupiga kura hata katika uchaguzi wa Bunge. Huko Sweden, tangu mwaka 1976, wageni waliokaa muda uliowekwa huchagua wajumbe wa mabaraza ya miji. Mahali palipo na sheria kama hii, kupiga kura si kujiingiza, maana mwenye nyumba mwenyewe amekwambia, "Karibu ndani." Kinyume chake, ziko nchi kama Oman ambazo haziruhusu vyama vya siasa kabisa, hata kwa wenyeji, na huko neno la utani juu ya mtawala laweza kumpeleka mtu kizuizini. Kwa hiyo jambo la kwanza la mgeni ni kuuliza: sheria ya hapa yasemaje? Asipime nchi ya watu kwa kibaba cha kwao.

Baada ya sheria huja mwenendo, na mwenendo ni mambo madogo madogo. Tutataja machache.

Mgeni aangalie mavazi. Wakati wa uchaguzi, shati au kanga yenye rangi na picha ya chama, hata ikiwa ni ya kupewa bure, ni tangazo. Aishukuru zawadi, aiweke sandukuni. Aangalie miguu yake. Kundi la watu likikusanyika, hata kwa kutaka kutazama tu, askari hawezi kujua nani amekuja kutazama na nani amekuja kupigana. Aangalie simu yake. Siku hizi habari hupita kutoka mkono hata mkono kwa muda wa kufumba jicho, na anayepeleka mbele neno la uchochezi huhesabiwa pamoja na aliyelitunga. Barua ya mwaka 1888 ilichukua majuma kadhaa hata ikafika magazetini; ya leo haichukui hata dakika moja.

Aangalie na ulimi wake mahali pa kahawa. Akiulizwa ni nani afaaye kutawala, ajibu kwa upole: "Ndugu zangu, mimi ni mgeni wenu. Neno hili ni lenu. Nawaombea mlimalize kwa amani, na yeyote mtakayempa, nitamheshimu." Jibu hili halina uongo ndani yake, wala halina hila. Akishikiliwa tena, aulize yeye: "Nifundisheni, jambo hili lilianzaje?" Mwenyeji hupenda kusimulia, na mgeni atapata elimu bila kutoa kura. Wala asilitumie jibu hilo kwa upande mmoja tu, akanyamaza mbele ya maskini na kumsifu mkubwa aliye na mamlaka. Mtu amsifuye kila siku aliye juu, akasema hana upande, ana upande tayari.

Hapa twafika mahali pa kuangalia sana, maana watu wengi huchanganya. Si kila neno la kudai ni siasa. Mfanya kazi aliyenyimwa mshahara akienda katika ofisi ya kazi au kwa ubalozi wa nchi yake, hajajitia katika mambo ya wenyeji. Anadai haki yake. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1951 juu ya wakimbizi yaliwapa hata wao haki ya kujiunga na vyama vya wafanya kazi na vyama visivyo vya siasa. Basi yule binti wa Maskati asidanganywe na mtu amwambiaye, "Nyamaza, wewe mgeni." Mgeni hukaa kando ya kiti cha utawala, hakai kando ya haki yake.

Wala si kila tendo la rehema ni kuchukua upande. Tusimulie habari ya Kapteni Mbaye Diagne. Alikuwa askari wa Senegal, naye alikuwa Rwanda mwaka 1994 kama mwangalizi wa Umoja wa Mataifa. Kazi yake ilikuwa kutazama na kuandika habari, bila kuwa wa huyu wala wa yule. Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na Kapteni Diagne alisaidia kuwaokoa watoto wake. Hakuishia hapo. Siku baada ya siku alipita katika vizuizi vya barabarani akiwa na watu aliowaficha garini, wachache wachache, akiwatuliza wenye vizuizi kwa maneno, kwa mzaha na kwa sigara. Hakupiga risasi, hakumtangaza mtawala, hakuchukua bendera ya jeshi lolote. Tarehe 31 Mei alikuwa amesimama na gari lake katika kizuizi, kombora likaanguka karibu, akafa. Mwaka 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka nishani ya ushujaa kwa jina lake.

Je, mtu huyu aliacha kuwa asiye na upande? Twasema, la. Kushindania nani atawale ni neno la wenyeji. Bali mtoto aokolewe au aachwe kuuawa, hilo ni neno la kila mwanadamu, popote alipo. Mgeni akimfungia mlango mtu anayekimbizwa, kisha akasema, "Mimi sina upande," amekwisha kumsaidia anayemkimbiza. Mpaka ni huu: usiingie katika mashindano ya madaraka, lakini usitoke katika ubinadamu.

Sasa turudi kwa swali tuliloliacha. Mtu aliyekaa miaka mingi, akalima, akalipa kodi, akazaa, je, akae kando milele? Wahenga walilijibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ni kazi, na kazi ikiwa ndefu huzaa haki. Mwaka 1972 watu wengi wa Burundi walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, wakalima mahindi, muhogo na tumbaku, wakawasomesha watoto wao. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 katika hao na watoto wao. Siku mtu alipoipokea hati ile, mambo yote tuliyoyakataza hapo juu yakawa halali kwake: kuingia katika chama, kuchukua bendera, kusimama mkutanoni na kusema, "Mimi nampinga huyu." Si kwamba hekima yake iliongezeka usiku mmoja. Ni kwamba sasa hana tena mlango wa kutokea. Yakiharibika, yataharibika kwake pia.

Basi ninyi wanafunzi mtakaosafiri, lishikeni hili. Ukiwa mgeni, uwe mgeni mzima: tii sheria, fanya kazi, dai haki yako mahali panapostahili, mponye aliyeumia bila kumwuliza chama chake, na mizani ya uongozi waachie wenyewe. Na ninyi mlio wenyeji, mgeni akinyamaza wakati wa uchaguzi wenu, msimwite mwoga wala jasusi. Mpeni nafasi ya kunyamaza kwa heshima, kwa maana kesho mtoto wenu naye atakuwa kuku mweupe katika ua wa watu.